Jengo la kwanza la kudumu la maigizo London, 1576: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa walimu wa fasihi, wanafunzi na vikundi vya maigizo vya Dodoma, Chamwino, Kongwa na Singida. Wengi huanza na Shakespeare na kumalizia na kiwanja, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Historia ya jengo hili haieleweki bila kujua ardhi ilikuwa ya nani na mbao zilikuwa za nani. Ukiwa na haraka, soma swali la 6, la 9 na la 15.

## Mambo ya msingi

1. Jengo lenyewe ni lipi?

Liliitwa The Theatre. Lilijengwa mwaka 1576 huko Shoreditch, kaskazini mwa London, nje ya ukuta wa mji, kwenye eneo lililokuwa nyumba ya watawa wa kike ya Holywell hadi ilipofungwa mwaka 1539. Mwenye mradi alikuwa James Burbage, fundi wa samani aliyeacha randa akawa mwigizaji katika kundi la Mtemi wa Leicester. Jina alilolipa lina asili ya Kigiriki na maana yake ni mahali pa kutazamia. Leo watu wanalitumia kwa majengo yote ya aina hiyo, na sisi tunasema thieta, lakini mwaka ule lilikuwa jina la jengo moja tu.

2. Mbona wengine wanasema la kwanza ni Red Lion la 1567?

Wana hoja. John Brayne, muuza vyakula wa London, alijenga jukwaa na majukwaa ya watazamaji kwenye shamba la Red Lion, mashariki mwa mji, mwaka 1567. Tunalijua kwa sababu aligombana na maseremala wake, na karatasi za ugomvi huo zikabaki. Humo tunasoma kwamba jukwaa lilikuwa na futi 40 kwa 30, kimo cha futi 5, na mnara wa futi 30.

Ila Red Lion halikudumu. Majukwaa yake yalikuwa ya kuegesha, na hakuna dalili kwamba lilitumika kwa muda mrefu. Ndiyo maana tunaposema “la kudumu” tunalitaja The Theatre, lililosimama miaka 22. Na Brayne huyohuyo ndiye aliyetoa fedha nyingi za jengo la pili (tazama swali la 5), kwa hiyo Red Lion tunaweza kulihesabu kama jaribio lake la kwanza.

3. Kabla ya hapo waliigizia wapi?

Kwenye nyua za nyumba za wageni, kwenye kumbi za matajiri, na popote palipo na nafasi. Msomaji wa Ugogo haoni ajabu hapo. Muheme na nindo, ngoma na nyimbo za Wagogo, havijawahi kusubiri jengo: watu wanazunguka, katikati panabaki wazi, na mchezo unaanza. Tofauti inakuja kwenye fedha. Uwanja ulio wazi hauna mlango, na pasipo mlango kiingilio kinategemea hisani ya mtazamaji. Burbage alijenga mlango kwanza. Jukwaa walikuwa nalo tayari.

4. Kwa nini nje ya mji?

Mwaka 1574 baraza la mji wa London lilipitisha masharti makali ya maonesho: vibali, ukaguzi wa maneno yatakayosemwa, na michango kwa maskini. Eneo la Holywell lilikuwa na hadhi ya pekee tangu enzi za watawa, na amri za baraza hazikufika pale moja kwa moja. Palikuwa mwendo mfupi kutoka lango la Bishopsgate, karibu kiasi cha mtu kwenda mchana na kurudi kabla ya giza.

## Fedha na mkataba

5. Liligharimu kiasi gani, na nani alilipa?

Kama pauni 700. Wakati huo pauni moja ilikuwa shilingi 20, na fundi mwenye ujuzi London alipata kama shilingi moja kwa siku. Kwa hesabu hiyo pauni 700 ni karibu siku 14,000 za kazi ya fundi mmoja, yaani zaidi ya miaka 40 bila kuugua.

Burbage hakuwa nazo. Alikuwa na shemeji yake: mkewe, Ellen, alikuwa dada wa John Brayne. Brayne aliuza bidhaa na mali yake, akaingiza fedha, na mwishowe akafanya kazi ya ujenzi kwa mikono yake ili kuokoa ujira. Makubaliano ya kugawana nusu kwa nusu hayakuandikwa sawasawa, na mkataba wa ardhi ulikuwa kwa jina la Burbage peke yake. Brayne alikufa mwaka 1586 akiwa na madeni. Mjane wake, Margaret, alidai nusu yake mahakamani na mlangoni pa jengo lenyewe. Mwaka 1590 alipofika na watu wake kuchukua mapato, Richard, mtoto wa Burbage, aliwakabili na mpini wa ufagio. Margaret alifariki mwaka 1593 bila kupata haki yake.

Tunalirudia jambo hili kila tunapoulizwa, kwa kuwa sifa zote za 1576 humwendea Burbage. Bila fedha ya Brayne pasingekuwa na jengo.

6. Mkataba wa ardhi ulisema nini hasa?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Mwenye ardhi aliitwa Giles Allen. Mkataba wa tarehe 13 Aprili 1576 ulikuwa wa miaka 21, kilemba (malipo ya mkupuo ya kuingia) pauni 20, na pango pauni 14 kwa mwaka. Ndani yake mlikuwa na ahadi mbili zilizofungamana.

Ahadi ya kwanza: kama Burbage angetumia pauni 200 au zaidi kukarabati nyumba nyingine za zamani zilizokuwa kwenye eneo hilo ndani ya miaka 10, Allen angempa mkataba mpya wa miaka 21 kuanzia siku ya kuusaini. Ahadi ya pili: Burbage angekuwa na ruhusa ya kubomoa na kuchukua jengo la maigizo atakalokuwa amelijenga.

Tatizo lilianza mwaka 1585. Burbage alipeleka mkataba mpya usainiwe. Allen akakataa, akisema haukufanana na wa mwanzo na ukarabati haukutosha. Burbage akaendelea kulipa pango na kuigiza, akiamini haki yake iko palepale. Tangu siku hiyo jengo lilisimama juu ya ahadi isiyosainiwa, na kila lililotokea mwaka 1598, lilipobomolewa na mbao zake kuhamishwa (swali la 11), lilianzia hapo.

7. Kiingilio kilikuwa kiasi gani?

Peni moja mlangoni, unasimama uani. Peni ya pili kupanda kwenye roshani. Peni ya tatu kupata mahali patulivu. Shilingi moja ilikuwa peni 12, kwa hiyo kusimama uani kulimgharimu fundi chini ya sehemu ya kumi ya ujira wa siku. Kila ngazi ilikuwa na mkusanyaji wake mwenye kisanduku, na hapo ndipo wizi ulipotokea: Brayne na Burbage walishutumiana kuchota kabla ya kuhesabu.

## Umbo na ujenzi

8. Lilikuwa na umbo gani? Tunataka kulichora kwenye uwanja wa shule.

Wachimbaji wa Makumbusho ya London waliufikia msingi mwaka 2008. Walipata sehemu ya msingi wa matofali na mawe yenye kona, na ua wa changarawe ulioteremka kuelekea jukwaani, ili wa nyuma waone juu ya vichwa vya wa mbele. Makadirio ni pande 14 na kipenyo cha mita 22 hivi kwa nje. Roshani zilizunguka ua, na katikati palikuwa wazi bila paa.

Kulichora chini: piga kigingi katikati, zungusha kamba ya mita 11, upate duara. Kisha, juu ya duara hilo, pima mita 4.90 kwa mstari mnyoofu kutoka alama hadi alama, mara 14. Ukifanya sawasawa, alama ya mwisho inaangukia ya kwanza. Kwa ukingo wa ndani wa roshani, tumia kamba ya mita 7.2 na kipimo cha mita 3.20. Kina hicho cha roshani, kama mita 3.8, tumekichukua kwenye mkataba wa jengo la Fortune la mwaka 1600, ambao uliandika futi 12 na nusu.

Kinachoharibika mara nyingi ni kamba. Ya katani au ya nailoni inavutika, na wanafunzi wawili hawavuti kwa nguvu sawa. Tumia tepu ya chuma au waya wa kufungia nondo. Kosa dogo linajilimbikiza: ukipima 4.80 badala ya 4.90, pengo la mwisho linakuwa karibu mita 1.4, na darasa zima litadhani hesabu ni mbaya. Ukishamaliza, waingize wanafunzi ndani ya umbo dogo la pande 14. Ni kama mita za mraba 157, na jukwaa linakula sehemu yake. Hapo wataelewa kwa nini mwigizaji wa enzi hizo hakuhitaji kipaza sauti.

9. Jengo la ghorofa la mbao linabomolewaje bila kuharibika?

Kwa sababu lilijengwa kama kitu cha kuunganishwa tangu siku ya kwanza. Fremu ilikuwa ya mti wa mwaloni. Fundi hakuikatia kwenye kiwanja; aliikatia kwenye karakana yake. Kichwa cha boriti kilichongwa ulimi, nguzo ikatobolewa tundu la kuupokea, kisha tundu jembamba likapitishwa pembeni na kigingi cha mti kikapigwa kufunga vyote viwili. Fremu ya upande mmoja ilipangwa chini ardhini kwanza, ikahakikiwa, kila kiungo kikachongwa alama kwa patasi, halafu ikafunguliwa, ikapakiwa mkokoteni na kwenda kusimamishwa. Kubomoa ni kurudia hatua hizo kinyumenyume: toa kigingi, chomoa ulimi, soma alama.

Ugumu uko kwenye umri. Mwaloni hukatwa ukiwa mbichi, na unapokauka kiungo kinajikaza. Baada ya miaka 22 vigingi havitoki kwa kugongwa tu. Vingine hutobolewa, na ukilazimisha, ulimi unapasuka. Ndiyo maana mwaka 1598 watoto wa Burbage walihitaji seremala mkuu, Peter Street, na si vibarua wenye nyundo peke yao.

Anayebomoa tembe anaijua kanuni hii: udongo unabaki chini, nguzo za panda na boriti nzuri zinachukuliwa. The Theatre nalo lilikuwa hivyo. Kuta zilijazwa fito na lipu, na hizo zilivunjwa na kuachwa. Msingi wa matofali ulibaki ardhini, na ndio uliokutwa mwaka 2008. Thamani ilikuwa kwenye fremu.

10. Lilikuwa na paa la nini?

Juu ya roshani tu. Ua ulikuwa wazi, mvua ikinyesha aliyelipa peni moja analowa. Habari za paa la nyasi ni za jengo lililofuata. Tazama swali la 13.

## Usiku wa kubomoa na kesi

11. Kwa nini walilibomoa?

James Burbage alikufa Februari 1597. Mkataba ukaisha tarehe 13 Aprili mwaka huohuo. Allen alikuwa tayari kutoa mwingine, lakini kwa pango la pauni 24 badala ya 14, na jengo litumike kwa maigizo miaka 5 tu, baada ya hapo ligeuzwe kwa kazi nyingine. Watoto wa Burbage, Cuthbert na Richard, hawakukubali.

Kwa bahati mbaya fedha za familia zilikuwa zimezama kwingine. Mwaka 1596 baba yao alinunua sehemu ya Blackfriars, nyumba ya zamani ya watawa mjini London, kwa pauni 600 ili aigeuze ukumbi wa ndani, majirani wakapeleka malalamiko, na waigizaji wake wakazuiwa kuutumia. Julai 1597 serikali ya malkia nayo iliamuru The Theatre na jengo la maigizo la jirani, Curtain, yabomolewe. Amri hiyo haikutekelezwa, lakini ilitisha. Walibaki na mtaji mmoja: mbao zilizosimama kwenye kiwanja cha mtu.

Tarehe 28 Desemba 1598, Allen akiwa shambani kwake Essex, walifika na Street, rafiki yao mwenye fedha William Smith, na wafanyakazi kama 12. Mtu wa Allen alipowakataza, walimjibu kwamba wanalishusha ili walijenge upya hapohapo. Hawakuwa na nia hiyo.

12. Ni kweli walivusha mbao juu ya mto ulioganda, usiku mmoja?

Hapana. Hadithi inapendeza na waongoza watalii wanaipenda, ila mashtaka yanaonesha kazi iliendelea zaidi ya siku moja, na hakuna fundi ambaye angeweka tani za mwaloni juu ya barafu ya mto wenye maji kupwa na kujaa. Kinachokubalika zaidi ni kwamba mbao zilikwenda kwanza kwenye karakana ya Street, karibu na mto Thames, zikasubiri hadi msingi wa upande wa kusini ulipokuwa tayari. Mkataba wa kiwanja kipya ulisainiwa Februari 1599, wa miaka 31. Jengo lililotoka kwenye mbao hizo ni Globe.

Safari hii umiliki uliandikwa vizuri. Nusu ilikuwa ya ndugu wawili wa Burbage. Nusu nyingine waligawana waigizaji watano, kila mmoja sehemu ya kumi ya jengo, na mmoja wao alikuwa William Shakespeare. Waigizaji wakawa wenye nyumba. Kwetu sisi hilo ni badiliko kubwa kuliko umbo lolote la jukwaa.

13. Allen alishinda kesi?

Alishindwa. Alidai fidia ya pauni 800: 700 kwa ajili ya jengo, na katika zilizobaki akaorodhesha shilingi 40 za nyasi zilizokanyagwa. Hoja yake ilikuwa kwamba ruhusa ya kubomoa ilikufa pamoja na mkataba wa miaka 21. Hoja ya Cuthbert ilikuwa kwamba Allen ndiye aliyevunja ahadi ya 1585, na mwenye kuvunja ahadi hawezi kufaidika na uvunjaji wake. Mwaka 1600 mahakama iliwapa haki akina Burbage. Allen aliendelea kufungua mashauri hadi 1602, bila mafanikio.

Kuhusu paa (swali la 10): Globe lilipewa paa la nyasi, lililokuwa rahisi kwa bei. Tarehe 29 Juni 1613 mzinga wa maonesho ulirusha cheche juu ya paa, na jengo lote likateketea. Lililofuata, mwaka 1614, liliezekwa vigae. Ukumbi wa zamani wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, wenye paa la makuti, nao uliteketea. Nyasi na makuti vinapoza ukumbi na kuzuia kelele za mvua, lakini vinataka mtu na maji karibu kila siku ya onesho.

## Maswali ya pembeni

14. Lina uhusiano gani na Juliasi Kaizari tunayoisoma?

Uhusiano wa karibu kuliko watu wanavyodhani. Mgeni kutoka Uswisi, Thomas Platter, aliandika kwamba tarehe 21 Septemba 1599 alivuka mto na kutazama mchezo wa Kaizari kwenye nyumba ya paa la nyasi. Wanahistoria wengi wanaichukua kuwa Globe. Kwa hiyo tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri, ikatoka mwaka 1963 na toleo lililosahihishwa mwaka 1969, ni kati ya michezo ya mwanzo kabisa kusikika kati ya nguzo zilizotoka Shoreditch. Na Kiswahili kilifika hapo: mwaka 2012, kwenye Globe la sasa, kundi kutoka Kenya lilicheza tamthilia nzima ya Shakespeare kwa Kiswahili.

15. Kikundi chetu kiko Dodoma, tuna kiwanja cha kupanga. Tunaweza kujenga ukumbi wa mbao na kuhama nao?

Kiufundi mnaweza. Kisheria, andikeni kwanza. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inahesabu majengo yaliyoshikamana na ardhi kwa kudumu kuwa sehemu ya ardhi. Mkikaa kimya kwenye mkataba, mwenye hati ana nafasi nzuri ya kusema ukumbi ni wake. Wakazi wa zamani wa Dodoma hawahitaji kuelezwa tofauti ya jengo na ardhi; walioishi na hati za CDA (Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu), kabla haijavunjwa mwaka 2017, waliijua kwa vitendo.

Mpeni wakili aandike mambo haya kwa wazi. Vifaa gani ni vya mpangaji, vitajwe kimoja kimoja: nguzo, kenchi, mabati, viti, taa. Muda wa kuviondoa baada ya mkataba kuisha. Siku 90 zinatosha kwa ukumbi mdogo. Nani atafukia mashimo. Pango la kipindi cha pili litapangwaje. Na kama kuna sharti la kutumia fedha kukarabati, risiti zitunzwe na mwenye kiwanja asaini kila mwaka kwamba ameridhika. Hapo ndipo Burbage alipokosea: alisubiri karibu miaka 10, ndipo akapeleka hesabu. Na ndani ya kikundi, anayetoa fedha aandikwe kwenye mkataba, hata kama ni shemeji (swali la 5). Kibali cha ujenzi kutoka Halmashauri ya Jiji kinahitajika kama kwa jengo lolote.

Kwa upande wa ufundi, msichimbie nguzo ardhini. Mchwa wa Dodoma atamaliza kitako cha nguzo huku juu pakionekana pazima, na siku ya kuhama mtang'oa vipande. Mwageni zege, muache bamba la chuma lenye matundu, nguzo ikae juu yake na kufungwa kwa boliti. Viungo vyote viwe vya boliti na nati. Msumari ukitolewa unaondoka na mbao. Chongeni alama za viungo kwa patasi au muzipige kwa chuma, kwa sababu chaki na kalamu haziponi masika mawili. Bomoeni kati ya Juni na Oktoba, kabla ya mvua za Desemba.

16. Leo kuna nini pale Shoreditch?

Msingi uko chini ya majengo ya kisasa, na kibao cha kumbukumbu kiko barabara ya Curtain Road. Globe la sasa, lililofunguliwa mwaka 1997 ng'ambo ya mto, liko kama mita 230 kutoka lilipokuwa la zamani, na limeezekwa nyasi.

17. Je, lile jengo la jirani, Curtain, nalo lilikuwa la pande nyingi?

Watu waliamini hivyo kwa miaka mingi. Uchimbaji wa mwaka 2016 ulionesha kuwa lilikuwa la mstatili. Kwa hiyo ukikuta kitabu cha zamani kinachoonesha yote mawili yakiwa ya mviringo, sahihisha mchoro wa Curtain, wa The Theatre uache ulivyo.